Vya kutosha na vinavyofaa: sheria inadai nini kuhusu choo, mahali pa nguo na mahali pa kulia kazini

Karibu na meza ya msimamizi wa laini yetu ya kushonea palikuwa na msumari, na kwenye msumari ule vilining'inia vibao viwili vya mbao vyenye kamba nyekundu. Ukibanwa na haja, unakwenda kuchukua kibao, unakivaa shingoni, ndipo unakwenda msalani. Ukikuta msumari mtupu unarudi kwenye cherehani yako kungoja mmoja wa wenzako arudi. Laini yetu ilikuwa na wanawake 60, na kiwanda kizima cha nguo kilikuwa na laini tatu za namna ile. Vyoo vya wanawake vilikuwa vinne.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo tuliyemwita Shangazi. Alikuwa fundi wa mifuko, mkono wake hauna mfano. Shangazi alikunywa kikombe kimoja cha chai alfajiri kabla ya kupanda matatu, na baada ya hapo hakutia tone la maji kinywani mpaka jioni. Nilimuuliza kwa nini, na joto lile la mabati. Akaniambia, “Mwanangu, nisipokunywa sisumbui mtu.” Mwaka ule aliugua maambukizi ya njia ya mkojo mara tatu. Madaktari wanajua vizuri kwamba mtu anayejinyima maji na kubana mkojo kutwa nzima anajiweka katika hatari hiyo. Sisi tulidhani ni maradhi ya kike tu, ya kwenda kununulia dawa na kunyamaza.

Nilipochaguliwa na wenzangu kuingia kamati ya usalama na afya ya kiwanda, kitu cha kwanza nilichotafuta ni kifungu cha vyoo. Nilitegemea kukuta jedwali: wafanyakazi kadhaa, vyoo kadhaa. Sikulikuta. Hapo ndipo watu wengi hukwama, waajiri na wafanyakazi vilevile, na ndipo ninapotaka kupafafanua.

Kenya tunaongozwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Na. 15 ya 2007. Inahusu kila mahali ambapo mtu yuko kazini, awe kibarua wa siku moja au mwajiriwa wa kudumu: kiwanda, ofisi, duka, shamba, mjengo. Tanzania Bara wana Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na wakala wao maarufu, OSHA. Zanzibar wana sheria yao wenyewe, Na. 8 ya 2005. Anayefungua hoteli Paje, huko Zanzibar, kwa kufuata miongozo aliyoipata Dar es Salaam anaanza na sheria isiyomhusu.

Kwa upande wa Kenya, vyoo vimo katika kifungu cha 52. Kwa maneno yangu, kinasema hivi: mahali pa kazi pawe na vyoo vya kutosha na vinavyofaa kwa watu walioajiriwa pale, vidumishwe, viwekwe safi, viwe na mwanga, na pale wanapofanya kazi wanaume na wanawake, kila jinsia iwe na sehemu yake iliyotengwa ipasavyo. Kisha kinampa waziri uwezo wa kutunga kanuni za kueleza nini hasa ni “vya kutosha na vinavyofaa” kwa aina hii au ile ya mahali pa kazi.

Sentensi hiyo ina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Imetoka karibu neno kwa neno katika Sheria ya Viwanda ya Uingereza ya 1937, ikatufikia kupitia sheria za kikoloni za viwanda zilizotungwa Kenya na Tanganyika mwaka 1950. Nalitaja hilo kwa sababu linasaidia kuelewa sheria inavyofikiri. Waliotunga mwaka 1937 hawakusahau idadi. Waliitenga makusudi, ikawekwa katika kanuni za mwaka uliofuata, 1938: choo kimoja kwa kila wanawake 25, na kwa wanaume kimoja kwa kila 25, ila wakizidi 100 na kuwa na mahali pa kukojolea pa kutosha, waliozidi walihesabiwa kimoja kwa kila 40. Mpango ulikuwa kwamba sheria kuu ishike wajibu, na hesabu zikae mahali zinapoweza kubadilishwa bila kurudi bungeni.

Mpango huo bado unatumika katika nchi nyingi, na ndiyo maana anayetafuta idadi hutafuta mahali pasipo. Afrika Kusini, kwa mfano, wana kanuni za mwaka 2004 zinazohusu mambo haya tu: vyoo, mahali pa kuhifadhi vitu, vyumba vya kubadilishia nguo, mahali pa kulia, maji na viti. Lakini hata hizo, ukiuliza vyoo vingapi, zinakupeleka kwenye kanuni za taifa za ujenzi. Idadi yao iko kwenye ramani ya jengo. Na mahali popote hilo ni jambo la kuzingatia, kwa sababu ramani ya jengo huidhinishwa kwa matumizi fulani. Ghala lililochorwa kwa ajili ya watu sita wa kupakia magunia likigeuzwa kiwanda cha kushonea chenye watu 200, karatasi za ghala haziwezi kumtetea mwenye kiwanda.

Basi wanawake 180 kama sisi tulistahili vyoo vingapi? Kwa kipimo cha Waingereza cha 1938, vinane. Kwa mwongozo wao wa sasa, ambao unaanza na choo kimoja kwa watu watano, unafika vitano kwa watu 100, kisha unaongeza kimoja kwa kila 25, tungepata tisa. Kwa jedwali la Marekani, ambalo linatoa sita kwa watu hadi 150 na kimoja zaidi kwa kila 40 wanaoongezeka, saba. Hakuna kati ya vipimo hivyo ambacho ni sheria ya Kenya, na mtu asije akakipeleka kwa mwajiri kama ndiyo sheria. Lakini vina uzito wake. Mkaguzi anapolazimika kuamua kama vyoo vinne vinatosha watu 180, ataangalia desturi inayokubalika, na hakuna desturi yoyote ninayoijua inayofika huko.

Hata hivyo kilichowashawishi wakubwa wetu hakikuwa vipimo vya ng'ambo. Ilikuwa saa ya simu. Nilisimama siku mbili karibu na mlango wa vyoo wakati wa mapumziko ya mchana, nikahesabu. Kwa wastani mtu alitumia kama dakika tatu kuanzia kufunga mlango hadi kuufungua. Mapumziko yetu yalikuwa nusu saa, wote tukitoka kwa pamoja. Kwa hiyo kila choo kiliweza kuhudumia watu kumi, na vyoo vinne watu 40. Wanawake 140 walikuwa wanarudi kwenye cherehani bila kuingia, au waliingia kwa kuacha kula. Saa nyingine zote walikuwa na vile vibao viwili kwa kila laini.

Angalia kinachofuata. Ukiongeza vyoo vikawa vinane, nusu saa ileile inahudumia watu 80. Bado 100 wako nje. Ukigawa mapumziko yakawa zamu mbili za watu 90, vyoo vinane vinahudumia 80 kati ya 90, na hao kumi waliobaki wanaweza kwenda muda mwingine bila mtu kuhisi. Yaani neno “vya kutosha” haliishii kwenye idadi ya milango. Ratiba ya kazi nayo ni sehemu ya choo. Mwajiri anaweza kuongeza utoshelevu bila kununua tofali hata moja, na anaweza kuuharibu kwa kubadili kengele tu.

Neno la pili, “vinavyofaa”, ndilo pana zaidi, na nafikiri ndilo linalopuuzwa zaidi. Choo kisicho na komeo ni choo katika hesabu, lakini si cha kufaa: mwanamke atamwomba mwenzake amshikie mlango, na watu wawili watakuwa wameacha kazi badala ya mmoja. Choo kisicho na taa ni kosa la moja kwa moja, kwa sababu mwanga umetajwa katika kifungu chenyewe. Choo cha kuvuta maji ambacho tangi lake hukauka saa nne asubuhi hakifai kuanzia saa nne. Choo cha wanawake kisicho na pipa lenye mfuniko la kutupia pedi kinamlazimisha mtu aondoke nayo mkononi au aitumbukize ndani na kuziba bomba, kisha lawama za bomba ziwaangukie wanawake wote. Sheria yetu haijataja pipa kwa jina. Mwongozo wa Uingereza umelitaja, na akili ya kawaida nayo inalitaja. Kanuni za Afrika Kusini zimeshuka hadi kwenye karatasi ya chooni na sabuni, zikamwambia mwajiri aviweke. Napenda ukaribu huo. Heshima ya mtu huwa inapotea katika vitu vidogo kiasi hicho.

Kutenga kwa jinsia nako kuna maswali yake. Duka la watu watatu lenye choo kimoja je? Waingereza wameliweka wazi: chumba kimoja kinaweza kutumiwa na wote ikiwa kiko peke yake, kina kuta kamili, na mlango wake unafungwa kwa ndani. Maneno ya sheria ya Kenya ni utengano unaofaa. Katika duka dogo kinachoangaliwa kwanza ni kama mtu anaweza kujifungia kwa utulivu. Katika kiwanda cha mamia, korido moja yenye mapazia hailingani na maneno hayo hata kidogo.

Wenye maduka na ofisi za kupanga katika majengo ya ghorofa hukumbana na tatizo jingine: choo ni cha jengo, kiko ghorofa ya pili, na ufunguo uko kwa mlinzi. Au hakuna kabisa, na wafanyakazi hushuka barabarani kulipia choo cha umma, shilingi kumi kila safari. Wajibu wa sheria umewekwa kwa anayeendesha mahali pa kazi, na neno ni kuandaa. Mwajiri anaweza kukubaliana na mwenye jengo jinsi ya kugawana gharama na usafi, na makubaliano hayo yaingizwe kwenye mkataba wa pango. Mfanyakazi hayumo katika makubaliano hayo, na shilingi kumi zake hazipaswi kuwamo.

Sasa nirudi kwenye vibao. Kiwanda kikiwa na vyoo vinane visafi vyenye taa na maji, lakini ruhusa ya kwenda iko shingoni mwa mtu mwingine, je, sheria imetimizwa? Marekani walilazimika kulijibu swali hili waziwazi. Kanuni yao ilikuwa na jedwali la idadi, na baadhi ya waajiri wakajitetea kwamba jedwali limetimia. Tarehe 6 Aprili 1998 mamlaka yao ya usalama kazini ilitoa tafsiri rasmi: vyoo vinatakiwa vipatikane ili wafanyakazi wavitumie wanapohitaji, na mwajiri hawezi kuweka vizuizi visivyo na msingi. Tafsiri ile haivuki bahari kuja kuwa sheria kwetu. Lakini hoja yake inasimama juu ya neno tulilonalo sisi pia. Choo kinaandaliwa kwa ajili ya watu walioajiriwa. Kama mtu mjamzito anangoja dakika 40 kwa sababu msumari ni mtupu, kwa dakika 40 hizo hakuandaliwa chochote.

Nawaelewa wasimamizi. Laini ya kushona ni mnyororo, mmoja akitoka kazi hulundikana kwa jirani yake. Dawa ya hilo inajulikana viwandani: unakuwa na mshonaji mmoja au wawili wa akiba wanaojua hatua nyingi, anayetoka wanashika nafasi yake. Gharama yake iko kwenye mishahara, ndiyo. Gharama ya vibao ilikuwa kwenye figo za Shangazi.

Tuje kwenye nguo, na hapa naomba msomaji atofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni mahali pa kuweka nguo. La pili ni chumba cha kubadilishia. Kifungu cha 93 cha sheria ya Kenya kinadai la kwanza: mahali pa kutosha na panapofaa pa kuhifadhi nguo ambazo mfanyakazi hazivai wakati wa kazi. Kwa ofisi, msumari wa kutundikia koti unaweza kutosha. Kwa kiwanda, ni loka au kabati lenye kufuli, kwa sababu nguo huambatana na pochi, simu na nauli. Sheria ya Waingereza ya 1937 ilikwenda hatua zaidi ikataka mpango wa kukausha nguo hizo, jambo linaloeleweka vizuri na yeyote aliyechuma majani chai kwenye mvua ya Kericho.

Chumba cha kubadilishia ni wajibu unaozaliwa na aina ya kazi. Kanuni za Uingereza za 1992 zimelisema kwa namna ninayoiona ndiyo sahihi: chumba kinahitajika pale mtu anapolazimika kuvaa mavazi maalumu ya kazi na haiwezekani, kwa sababu ya afya au ya staha, kumtaka abadilishe mahali pengine. Staha kila mtu anaielewa. Sababu ya afya ndiyo inayotaka maelezo, kwa kuwa inahusu watu ambao hata hawajaajiriwa pale.

Mchukue mpuliza dawa katika shamba la maua, Naivasha au Arusha. Kutwa nzima amebeba pampu. Nyingi ya dawa za kuua wadudu hupenya kwenye ngozi, na ovaroli inazifyonza kama kitambaa chochote. Akirudi nyumbani nayo, inaanikwa karibu na shuka, inafuliwa kwenye beseni ambalo kesho litaogeshewa mtoto, na anayefua mara nyingi ni mke au binti asiye na glavu. Utafiti uliochapishwa London mwaka 1965 juu ya saratani inayoletwa na asbestosi uliwakuta miongoni mwa wagonjwa watu ambao hawakuwahi kuingia kiwandani. Waliishi na wafanyakazi wa asbestosi, na baadhi ni wake waliofua nguo za waume zao. Risasi ya betri, yaani yale madini mazito, nayo husafiri hivyohivyo, kwenye pindo la suruali na kwenye nywele, na anayedhurika zaidi ni mtoto mdogo, kwa kuwa mwili wake huinyonya upesi na ubongo wake bado unakua. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliopata sumu ya risasi kutoka kwa kiwanda cha jirani, hawahitaji kuelezwa na mtu yeyote maana yake.

Kwa kazi kama hizo, chumba kimoja chenye benchi hakisaidii. Kinachotakiwa ni vyumba viwili vyenye bafu katikati. Mfanyakazi anaingia kwa upande mchafu, anavua ovaroli na buti, anaziacha pale. Anapita bafuni, anaoga kwa sabuni na maji ya kutosha. Anatokea upande safi, ambako loka yake ina nguo za nyumbani ambazo hazijawahi kukutana na zile za kazi. Asubuhi anarudi kwa mwelekeo wa kinyume. Ovaroli zinafuliwa palepale kwa gharama ya mwajiri. Ukipita mahali ukakuta loka moja ambamo gauni la kwendea kanisani limekunjwa juu ya ovaroli ya dawa, jua kwamba fedha za chumba zilitumika na kazi ya chumba haikufanyika.

Kuhusu kunawa sitasema mengi. Kifungu cha 92 kinadai mahali pa kunawia panapofikika kwa urahisi na panapotunzwa katika hali ya usafi. Neno la kukumbuka ni kufikika: koki ya uani, nyuma ya jenereta, haihesabiki kwa fundi mwenye grisi hadi viwikoni anayetaka kula.

Mahali pa kulia ndipo sheria zetu zinapokuwa kimya kuliko watu wanavyodhani. Sehemu ya ustawi katika sheria ya Kenya, vifungu vya 91 hadi 95, inataja maji ya kunywa, kunawia, mahali pa nguo, viti na huduma ya kwanza. Kantini haimo. India waliiweka katika sheria yao ya viwanda ya 1948: kiwanda chenye wafanyakazi zaidi ya 250 kilitakiwa kuwa na kantini, na chenye zaidi ya 150 chumba cha kulia. Sisi hatukuandika namba kama hizo katika sehemu hiyo. Kwa hiyo anayemwambia mwajiri wake kwamba sheria ya 2007 inamlazimisha kupika chakula, hatakikuta kifungu hicho. Chakula kinaweza kuwa haki kwa njia nyingine: kwa mkataba au makubaliano ya chama cha wafanyakazi. Sheria ya Ajira ya Kenya, ya 2007 pia, inasema kwamba pale ilipokubaliwa waziwazi kuwa mwajiri atatoa chakula, basi ahakikishe mfanyakazi analishwa vizuri na ana vyombo na njia ya kupikia.

Ila kuna mahali ambapo chumba cha kulia kinageuka kuwa suala la sumu. Tangu 1937 sheria ya Waingereza ilikataza mtu kula au kunywa, au hata kukaa wakati wa mapumziko ya chakula, katika chumba chenye vumbi au moshi wa risasi, zerniki (arseniki) au sumu nyingine, na ikadai papatikane mahali pengine pa kulia. Mantiki ni moja na ya ile bafu ya katikati. Mkono uliogusa betri ukimega ugali, risasi haina haja ya kutafuta njia. Kwa hiyo hata pasipo kifungu cha kantini, gereji ya betri, karakana ya rangi au stoo ya dawa haiwezi kusema wafanyakazi wake wale popote watakapo. Wajibu wa jumla wa kulinda afya zao unafika hapo, nao unataka meza, kivuli, maji ya kunawa na ukuta kati ya chakula na sumu. Na mwajiri akiamua mwenyewe kuweka kantini, au akimkaribisha mama lishe ndani ya ua, jiko lile linaingia chini ya sheria za usafi wa chakula na wapishi wanapimwa afya.

Maji ya kunywa, tofauti na chakula, ni lazima bila mjadala. Yawe safi, ya kutosha, mahali panapofikika na wote. Yasipokuwa ya bomba, yawekwe kwenye vyombo vinavyofaa na kubadilishwa angalau kila siku. Lakini mahali pa kula hapana maana bila muda wa kula, na hapo Tanzania wameandika wazi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mapumziko ya angalau dakika 60 anayefanya kazi kwa zaidi ya saa tano mfululizo.

Kuna chumba kimoja kipya ambacho waajiri wengi bado hawajakijua. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017, kifungu cha 71, inawataka waajiri waweke chumba cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa, chenye mahali pa kunawa mikono, jokofu au njia nyingine ya kupoza, soketi ya umeme, meza ndogo na viti vya starehe. Na imesema waziwazi kwamba chumba hicho kisiwe chooni. Kifungu cha 72 kinaongeza vipindi vya kunyonyesha nje ya muda wa chakula, visivyozidi jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi. Tanzania wanatoa muda mwingi zaidi, hadi saa mbili kwa siku. Nimewaona wanawake wakikamua maziwa juu ya sinki la choo huku mlango ukigongwa, kisha wakiyamwaga kwa sababu hapakuwa na pa kuyapoza. Sikuwahi kufikiri kuna siku bunge lingeandika kwamba hilo lisitokee.

Mlango wa kupitia ukitaka mambo haya yabadilike ni kamati. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi Kenya panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya, yenye wawakilishi wa uongozi na wa wafanyakazi kwa idadi sawa, inayokutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Mwajiri pia anatakiwa kufanyiwa ukaguzi wa usalama na afya angalau mara moja kila miezi 12 na mshauri aliyeidhinishwa. Ripoti yake ikiwa kimya kuhusu vyoo, wajumbe wa kamati wana haki ya kuuliza kwa nini. Hayo yakishindikana, kuna maafisa wa serikali wa usalama na afya kazini. Wanaweza kuingia, kukagua, na kutoa notisi ya maboresho yenye muda maalumu. Malalamiko yanayoshughulikiwa haraka ni yale yenye vipimo: watu wangapi, vyoo vingapi, vipi havina komeo au taa, maji hukatika saa ngapi, mapumziko ni dakika ngapi. “Vyoo ni vibaya” humwachia afisa kazi yote ya kutafuta.

Barua yetu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilikuwa na hesabu ile ya dakika tatu, picha mbili za milango isiyo na makomeo, na idadi ya siku za ugonjwa za laini yetu kama zilivyoandikwa kwenye kitabu cha zahanati ya kiwanda, bila majina. Tuliisoma kwenye kikao cha kamati, meneja wa uzalishaji akiwapo, akaomba nakala. Ilichukua karibu miezi miwili. Stoo ya vitambaa iliyopakana na vyoo ilihamishwa, ukuta ukatobolewa, vikaongezwa vyoo vinne na tangi la pili. Vibao viliondolewa wiki hiyohiyo. Mapumziko ya zamu mbili yalianza Jumatatu iliyofuata, na laini yetu ikapangiwa saa sita na nusu.